Mtu wa Kucheza Naye

Ijumaa alasiri Shangazi alimaliza kupinda pazia la mteja, akakata uzi kwa meno, akafunika cherehani na kufagia vipande vya kitambaa chini ya meza. Kisha akaoga, akajipaka mafuta, akakaa kwenye kochi na kuwasha runinga ili akaue mazombi kwenye gemu.

Gemu hilo alifundishwa na watoto wa kaka yake, watatu, ambao kaka alipofariki aliwachukua akawalea mpaka wakaota ndevu. Walikuwa wakicheza wote wanne kwenye kochi moja, mabega yakigusana. Mkubwa alitangulia, Wa Kati alibeba dawa, Kitindamimba alipiga kelele, na Shangazi alipiga risasi bila huruma, kwa sababu siku nzima alikuwa amewachekea wateja. Mji wa kwenye gemu umejaa wafu wanaotembea polepole, na kila hatua inaishia kwenye mlango wa chuma. Mmoja lazima ashikilie mnyororo ili mwingine apite. Waliolitengeneza hawakumfikiria mtu wa peke yake.

Sasa Mkubwa alikuwa na mke na kazi ya zamu, Kitindamimba alikuwa ng'ambo, na Wa Kati alikuwa ameajiriwa na kampuni ileile iliyotengeneza gemu, jambo ambalo Shangazi alilitangaza mtaa mzima. Wote walisema watakuja Ijumaa. Hawakutaja Ijumaa ipi. Kwa hiyo Shangazi alicheza peke yake mpaka mlangoni, akashika mnyororo, akangoja, na wafu wakamla. Alikuwa mpweke na hakuona haya kulisema. Alimwambia hata mteja wa pazia, ambaye alijibu kwamba upindo umekaa vizuri.

Ijumaa hiyo zombi mmoja, badala ya kumla, alimpita kando, akafika kwenye kioo cha runinga na kutoka, mguu mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeshuka dirishani. Alikuwa amevaa shati la ofisini na tai, na sikio la kushoto hana. Akasimama kwenye zulia asijue pa kuweka mikono.

"Karibu," Shangazi alisema. "Subiri kwanza nitandike gazeti, usije ukanichafulia kochi."

Zombi akakaa. Shangazi akampa pedi ya kuchezea ya Wa Kati. Alicheza taratibu, lakini ukimwambia ashike mnyororo alishika kwelikweli, na mlango ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu watoto waondoke. Wenzake aliwapiga risasi bila chuki wala furaha, kama mtu aliye kazini. Kuanzia hapo hakurudi tena kwao.

Jirani alipokuja kuazima mkasi alimkuta pale, akamsalimu, akaitikiwa kwa mkoromo.

"Huyu ndiye nani?"

"Nacheza naye."

"Ananuka kidogo," jirani alisema. "Lakini ndiyo hivyo, asiye na mwana aeleke jiwe."

Shangazi hakuipenda methali ile. Wana anao, tena watatu. Alimpa mkasi butu.

Haukupita muda mrefu Wa Kati akapiga simu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Unakuja?"

"Tunatengeneza gemu la pili. Tunawaita wachezaji watuambie wanataka nini. Njoo, wewe ni mchezaji mkongwe."

Katika maneno yote hayo Shangazi alisikia moja tu, njoo. Alitoa gauni la harusini, akalipiga pasi, akaenda. Zombi alimchukua, kwa kuwa si adabu kumwacha mgeni peke yake nyumbani.

Mapokezi walipewa beji, kila mmoja ya kwake, zote zimeandikwa Mchezaji. Chumba cha kikao kilikuwa na viti vilivyopangwa kwa duara na kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji kwenye ndoo. Wa Kati alikuwa amekaa nyuma, kompyuta mapajani. Alimpungia Shangazi mkono, akarudi kwenye kompyuta.

Wachezaji walijua wanachotaka. Kijana mmoja alitaka damu iwe nzito na ishuke ukutani. Mwingine alitaka wafu wakimbie, maana hawa wa sasa unawapiga huku unakunywa chai. Mwalimu wa hesabu alitaka wachezaji wenye matusi wafungiwe, akawataja mmoja mmoja na kuwatukana. Dada aliyeongoza kikao alimfikia zombi, na zombi akafikiri sana.

"Viti," alisema.

Akaeleza kwamba mjini kwao hakuna hata kiti kimoja, na kazi yao yote ni ya kusimama. Watu walikubali kwamba ni kweli. Kijana wa damu akasema mfu aliyekaa hatishi, basi wakaendelea.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nataka mtu wa kucheza naye," Shangazi alisema. Alisema akimtazama Wa Kati. "Silaha zinatosha. Wale niliokuwa nao wamekua, wana shughuli zao. Hilo gemu jipya liwarudishe."

Wa Kati aliinama, akaandika. Kikao kilipokwisha alimfuata kwenye korido, akamshika mkono. Alikuwa amekonda na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimekusikia, Shangazi. Hilo nitalishughulikia mimi mwenyewe."

Shangazi aliamini. Angekosaje kuamini, na yeye ndiye aliyemfundisha mtoto huyo kufunga kamba za viatu? Alirudi nyumbani akashona foronya mpya za mito ya kochi, kisha akamwomba zombi ahamie kwenye kigoda, kwa sababu pale alipokaa ni mahali pa Wa Kati. Zombi alihama na gazeti lake. Kila cherehani ilipotulia, Shangazi alitega sikio mlangoni.

Mvua zilikuja zikapita. Gemu la pili lililetwa na mtu wa pikipiki, limefungwa kwa utepe, na simu ikalia kabla hajalifungua.

"Umelipata? Pale mwanzoni chagua jina langu. Nimekuwekea sauti yangu, Shangazi. Ukiwa peke yako, kompyuta inacheza kama mimi na kuongea kama mimi. Likizo yangu yote nimeshinda studio, narekodi."

"Studio ipi?"

"Si hiyo hapo nyuma ya shule, karibu na kwako. Sasa huna haja tena ya kutusubiri."

Shangazi aliijua studio ile. Akiwa anaosha vyombo huliona paa lake. Likizo nzima mtoto wake alikuwa nyuma ya ukuta ule akimwita Shangazi, Shangazi, na yeye alikuwa huku anapinda mapazia. Ilimuuma.

"Ahsante, baba," alisema. "Umejisumbua sana."

Akawasha. Wafu wa gemu la pili walikimbia, damu ikashuka ukutani vizuri, na kila mtu alipata alichoomba isipokuwa viti. Zombi alijaribu kucheza, akashindwa na mwendo, akalaza pedi mapajani na kutazama tu. Sauti ya Wa Kati ikasema, karibu kabisa, "Niko nyuma yako, Shangazi."

Shangazi akageuka. Zombi naye akageuka. Nyuma ya kochi kulikuwa na ukuta.

Akarudisha uso kwenye runinga.

"Umekula?" aliiuliza ile sauti.

"Risasi ziko juu ya meza, Shangazi."

"Umekonda mno. Nilikuona siku ile."

"Risasi ziko juu ya meza, Shangazi."

"Haya, baba," alisema, akaenda kuzichukua.