Babu Alitokaka Ujiji

Waridi alikuwa bado anakandika ukuta wa mbele mzungu wa bureau, ofisi ya serikali, alipoingia mtaani na vibarua wake wa kamba na vigingi. Mvua ilikuwa imemega udongo mpaka fito zikaonekana, na mjane asiye na mtu hukandika mwenyewe. Alinawa upesi, kucha zikabaki na matope.

Mwaka huo wa 1956 kampuni ya pamba ilitaka mahali pa ghala, na jicho liliangukia mtaa wao wa Waislamu, hapa Baraka, kando ya ziwa, ng'ambo ya Ujiji. Ndiyo maana Useni, mshona kofia, alianzisha chama cha kutunza historia ya mtaa. Wazee walikutana barazani kwake kukumbushana nani alijenga wapi. Mzungu akijua mtaa huu una mizizi, Useni alisema, hataugusa. Waridi alimwamini. Hakubakiwa na kitu ila nyumba hii.

Mwacha asili ni mtumwa, walifundishwa, na asili ya mtaa ule ilipimwa kwa umbali. Kadiri ukoo ulivyotoka mbali ndivyo ulivyoheshimiwa. Basi mzungu alipowakusanya wazee mbele ya nyumba ya Waridi na kumwita aseme, alisema kwa fahari.

"Babu yangu alitokaka Ujiji na mutumbwi. Hapa ilikuwa pori tu. Yeye ndiye alikata muti ya kwanza."

Isidore, karani wa mzungu, alitafsiri. Mzungu akatabasamu, akauliza kama na wengine ni hivyo. Wazee wakashindana: huyu wa Ujiji, yule wa Kasongo, mmoja akafika mpaka Unguja, ambako hakuna mtu wake aliyewahi kukanyaga. Hakuna aliyekubali kuwa wa karibu.

Mzungu alijibu kwa maneno machache. Isidore aliangalia viatu vyake kwanza.

"Bwana anasema aksanti, sasa ameelewa. Muko bageni bote. Mugeni hana udongo ya bankambo, ya babu zake, hapa. Mutahama mbele ya mvua kuisha."

Waridi hakulia. Ganzi ilimpanda toka nyayoni, na hakuwa na hasira ya kuitoa.

Kisha mzungu akaomba ile hadithi irudiwe polepole, aiandike. Ilikuwa nzuri sana, alisema, isipotee. Waridi akairudia: Ujiji, mutumbwi, muti ya kwanza. Nyuma yake kibarua alikuwa akipigilia kigingi chini ya ukuta wake, na udongo aliokandika asubuhi ukaanza kudondoka, ungali mbichi.