Madirisha Saba ya Kuziba

"Moja! Mbili! Tatu!"

Watoto walihesabu kwa kelele kama wako mnadani. Baba yao, fundi mwashi, alikuwa amechuchumaa sakafuni na suruali yake ya kazi, kafunika mshumaa kwa glasi. Mshumaa umesimama kwenye sahani, sahani ina maji kidogo. Majaribio haya aliyaona kwenye simu, na tangu ayaone hana raha mpaka awafanyie wanawe kila asubuhi kabla ya kutoka kutafuta kibarua. Jana yai lilielea kwenye maji ya chumvi. Leo moto.

"Nane!"

Moto ukanywea, ukafa. Maji yakapanda ndani ya glasi taratibu, kama kuna mtu anayavuta kwa mrija.

"Umekufaje?" Huyo ni mkubwa, miaka sita. Mtaa mzima unamwita Kiulizo.

"Umekosa hewa, mama. Moto unakula hewa. Ikiisha, nao unaisha."

"Na sisi?"

"Sisi vilevile. Haya, leteni ile chupa kubwa."

Chupa kubwa ikafika ishirini na tatu. Mdogo wake, Kijiti, akapiga makofi. Kiulizo hakupiga. Alikuwa anaangalia jiko la mkaa, mama yao anachemsha chai palepale chumbani, maana mwenye nyumba kapiga marufuku kupikia koridoni, eti moshi unachafua rangi. Kisha akaangalia dirisha, hilo hilo moja walilonalo. Nje matofali yalishapangwa tangu jana, na kila mpangaji alijua ya nini.

"Baba, dirisha likizibwa, chumba chetu kitafika ngapi?"

"Tuhesabu!" Kijiti akadakia. "Moja! Mbili!"

"Nyamaza wewe!" Mama yao alikaripia mpaka akajishtua mwenyewe. Akamgeukia mumewe. "Baba Kiulizo, si uwaambie basi nani anakwenda kuliziba."

Fundi akachukua mwiko wake akatoka.

Angewaambia nini? Uani kaja mpangaji mpya, mwenye stoo ya vipuri vya magari, na hataki macho ya watu kwenye mali yake. Mwenye nyumba akamwita fundi: "Yote saba, leo. Usipoziba wewe ataziba mwingine, na huyo mwingine anatafuta chumba." Akacheka. Fundi, wiki tatu hana kibarua, naye akacheka. Kicheko cha kijinga kweli.

Saa nne alikuwa kamaliza matatu. Akatokea bwana majengo wa manispaa, faili kwapani, na mwenye nyumba nyuma yake. Fundi akaruka chini kutoka kwenye pipa alilosimamia.

"Mheshimiwa, mle ndani wanalala watu. Wanapikia mkaa humo humo. Hapa naziba hewa."

Bwana majengo akalamba kidole, akafunua karatasi. "Kwenye ramani hakuna madirisha. Hivi vyumba ni stoo. Stoo haina dirisha."

"Lakini si unayaona?"

"Nayaona, na yako kinyume cha sheria. Wewe unarekebisha kosa, fundi. Hongera."

Akagonga muhuri palepale gotini, wakaondoka wanabishana mambo ya mpira.

Fundi akarudi kwenye tofali. Nane. Ishirini na tatu. Namba zilimganda kichwani. Alipofika dirisha la nne, kozi ya tano, yaani mstari wa tano kutoka chini, tofali la katikati akaliweka kavu. Bila saruji! Akapaka kidogo usoni tu, ya kudanganya jicho. La tano hivyo hivyo, la sita, la saba. Akayarudia yale matatu ya asubuhi, saruji ikiwa bado mbichi, akakwangua.

Saa kumi mwenye nyumba akakagua. "Safi. Kesho asubuhi plasta."

Plasta! Ikipita plasta, hata tofali kavu linashikwa. Fundi hakunawa hata mikono. Akapita koridoni mlango kwa mlango, ananong'ona: "Kozi ya tano, la katikati. Sukumeni leo leo."

Fundi cherehani wa chumba cha mwisho akamwangalia kwa mlango nusu. Ndani mama yake mgonjwa alikuwa anakohoa, na mkaa unanuka.

"Shemeji, mimi sijasikia kitu. Nikifukuzwa, huyu nampeleka wapi?" Akafunga.

Chumbani kwake fundi akawabeba watoto, kila mkono mmoja, akawasogeza ukutani. "Sukumeni."

Pu! Kipande cha jua kikaanguka juu ya godoro. Kijiti akapiga yowe la furaha. Chumba cha jirani: pu! Kinachofuata: pu! Yakawa sita. Mwenye nyumba akaingia koridoni mbio, ndala moja mguuni.

"Nani kaanzisha upumbavu huu?"

Wapangaji wote macho chini.

"Mimi, bosi. Ukuta nimejenga mimi."

"Kesho saa mbili nisikuone. Wewe, mkeo na hivyo vitoto vyako! Na hayo matundu nitayaziba yote!"

Mkewe akashika fremu ya mlango. Fundi tayari alikuwa anawaza godoro atalibeba kwenda wapi. Hapo ndipo, uani, upande wa chumba cha mwisho, kitu kizito kikaanguka.

Pu.