Pua ya Mapepe

Mwokaji alikuwa na mdomo usiopumzika, lakini tangu binti yake aanze kutibiwa saratani ya damu, alifyata ulimi. Binti mwenyewe, msichana wa miaka kumi na saba, walimwita Mapepe kwa sababu hakujua kutulia. Sasa alitulia, na utulivu ule ulimkata baba yake maini.

Baada ya Mapepe kutundikiwa dawa mara ya pili, mke wa mwokaji akamhamishia mtoto kwa shangazi yake, mtaa wa nyuma. Alisema vumbi la unga si zuri kwa kifua cha mgonjwa. Haya, mwokaji akakubali. Nani abishane na kifua cha mwanawe?

Lakini kila alipotoka kwenye tanuri kwenda kumjulia hali, Mapepe alijifunika shuka gubigubi na kugeukia ukutani. Shikamoo yake ilitoka kama ya mtu aliyezibwa pua. Mkewe alimshika mkono papo hapo na kumtoa nje, ati mtoto apumzike. Na shangazi, dada yake mwenye ulimi wa wembe, akaanza kumwambia "karibu kaka" na "pole kaka". Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, maana tangu wazaliwe dada huyo hajawahi kumheshimu.

Mwokaji akajumlisha mambo, akapata jibu baya: mtoto anakwenda, na wanamficha. Siku hiyo mikate iliungua akiitazama.

Akaenda hivyohivyo, na aproni kiunoni, akaketi sakafuni mlangoni pa chumba. Mkewe akamvuta. Hakuvutika.

"Mwanangu," alisema, "kama hali ni mbaya, niambie. Kama nimekukosea, niambie pia. Siondoki."

Shuka ikateremka. Kichwa kilikuwa hakina hata unywele, na macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Baba, unanuka mkate. Tangu nianze zile dawa, nikisikia harufu yake tu natapika. Mama alisema nisikwambie, utaumia. Na mimi nitakwambiaje, wakati mkate ndio umenilea?"

Kisha akaliwahi beseni, akatapika kweli.

Mwokaji alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na katikati ya kicheko akajikuta analia. Akawageukia mkewe na dada yake, akawaambia wamemfanya amzike mtoto angali hai. Mkewe akainama, akamwomba radhi. Dada yake akasema haya basi, yamekwisha, sasa atoke hapo akaoge, ananuka kama gunia la hamira. Mwokaji akashukuru kutukanwa.

Aliogea sabuni ya kila aina. Wapi! Harufu ilikuwa imehamia mwilini, haidanganyiki. Dawa ilikuwa moja tu, kuacha tanuri. Akajikaza, akavuka barabara kwa mwokaji wa upande wa pili, mtu waliyekuwa wakisimangana naye miaka yote kuhusu mikate ya nani imejaa hewa. Akamwomba awaokee wateja wake mpaka matibabu yaishe.

Yule bwana alifuta mikono. "Lete unga wako," alisema. "Mikate itatoka kwa jina lako."

Mwokaji akataka kushukuru, machozi yakamtangulia. Mwenzake akamwambia asimlilie juu ya unga, chumvi ameshatia.

Harufu ilichukua muda kumwacha, lakini ilimwacha. Safari iliyofuata ya hospitali, yeye ndiye aliyempeleka mtoto. Daktari alisema damu inaanza kukaa sawa, ingawa njia bado ni ndefu. Wakati dawa inadondoka kwenye mrija, Mapepe aliinusa kola ya baba yake, akasubiri kidogo, kisha akaegemeza kichwa begani pake, akalala fofofo.

Mkono wa mwokaji ulikufa ganzi mpaka vidoleni. Muuguzi akamwonea huruma, akamletea mto wa kumwekea mtoto ili yeye ajinyooshe. Mwokaji akatikisa kichwa taratibu, akamwomba aurudishe.