Kichujio cha Nusu Sekunde

Saa tatu na robo asubuhi, taa ndogo ya kijani kwenye kisanduku iliwaka, ikazimika, ikawaka tena. Kwenye skrini hakuna kilichosogea.

Waya alikuwa anakausha nyaya kwa kitambaa. Mfanya usafi wa wodi alikuwa amepitisha dekio lililojaa maji chini ya kitanda, na Waya akakiokoa kisanduku na kukiweka juu ya kabati la dawa, karibu na miwani ya baba yake ambayo haikuwa na kazi tena. Siku zote kisanduku kilikaa sakafuni, taa yake ikiangalia ukuta. Hakuna aliyekuwa na haja ya kukitazama. Watu walitazama skrini, iliyoning'inia kwenye mkono wa chuma mbele ya uso wa mgonjwa, kwa sababu skrini ndiyo iliyokuwa inasema.

Jina la Waya alipewa na baba yake alipokuwa mdogo, siku aliyoifungua redio ya nyumbani akashindwa kuifunga. Alikua, akasoma, na kazi ikabaki ile ile, ila sasa alilipwa: alikwenda viwandani kuunganisha vitufe, pedali, magurudumu na vishikio vya kila aina na skrini za kompyuta, ili mtu akisukuma kitu hapa, picha isogee pale. Baba yake alikuwa dereva wa kreni katika ghala la chuma. Sasa alilala chali katika wodi yenye vitanda vinne, na ugonjwa wa misuli ulikuwa umemla kuanzia miguu hadi shingo, ukaiacha akili yake nzima ndani.

Waya aliufuata ugonjwa hatua kwa hatua. Mkono wa kulia ulipokuwa bado una nguvu, alimfungia kishikio kama cha kreni. Kilipomshinda, alileta kitufe kikubwa cha duara, cha aina ile ya kuzimia mashine kwa dharura. Baada yake ikaja pedali, kisha mto mdogo wa hewa kando ya shavu. Kila kimoja kilifanya kazi kwa muda, halafu kikaingia kwenye boksi. Kilichobaki ni utepe mwembamba uliobandikwa chini ya kidole gumba cha kushoto. Utepe ulipeleka habari kwenye kisanduku, kisanduku kikaipeleka kwenye skrini, na kwenye skrini palikuwa na miraba sita: Ndiyo, Hapana, Geuza, Maumivu, Maji, Ita. Fremu ya njano ilipita mraba mmoja baada ya mwingine. Mgonjwa akibonyeza, mraba uliokuwa na fremu unachaguliwa, na sauti ya mashine inautamka. Asipobonyeza, fremu inazunguka mara mbili, kisha inarudi kwenye mraba wa kwanza na kusubiri hapo kwa muda kabla ya kuanza tena.

Taa iliwaka tena. Mara mbili, fupi fupi.

"Ni mtetemo tu," Waya alijisemea.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Katika kazi yake hakuna anayekiamini kitufe. Chuma kikigusana na chuma hudundadunda, na mbonyezo mmoja huhesabiwa kama mingi. Kwa hiyo jambo la kwanza analofanya fundi ni kuweka kichujio: mbonyezo ulio mfupi mno hutupwa. Mwezi uliopita kidole cha baba kilianza kutetemeka, na skrini ikapiga kelele Maji, Maji, Maji, hadi mama akamlowesha kifua chote. "Mnataka kunizamishia mume juu ya godoro," mama alisema. Waya akapandisha kichujio hadi nusu sekunde. Chochote kifupi kuliko hapo kikawa si kitu. Skrini ikatulia, na watu wote wakamshukuru.

Skrini hiyo iliyotulia ndiyo daktari aliyoitumia Jumanne. Pumzi za mgonjwa zilikuwa zinapungua. Njia ilikuwa moja: kumtoboa koo na kumuunganisha na mashine ya kupumulia, ambayo hangeachana nayo tena maisha yake yote. Daktari hakutaka kulifanya bila yeye mwenyewe kukubali, na kope zake hazikuaminika, kwani zilijifunga na kujifungua hata asipoulizwa kitu. Akauliza kupitia skrini, mara tatu. Mara zote tatu sauti ya mashine ilisema: Ndiyo. Upasuaji ukapangwa Ijumaa asubuhi. Leo ilikuwa Alhamisi. Waya alikuwa ameshapima mlango wa sebule yake kwa futi, kuona kama kitanda cha hospitali kingepita.

Mama aliingia na kaka yake Waya nyuma yake, amebeba mashuka safi. Kaka mtu alikuwa mwalimu wa sekondari, na alizungumza na kila mtu kana kwamba amechelewa darasani.

"Shikamoo, baba. Kesho ndiyo kesho, eh? Ukipata hiyo mashine utatuzika sote."

"Acha maneno yako," mama alisema. Aliinama juu ya kitanda. "Mzee wangu, umelala vizuri?"

Waya hakuwa anasikiliza sana. Macho yake yalikuwa kwenye kisanduku. Fremu ilipita Ndiyo. Ilipofika Hapana, taa iliwaka mara mbili, fupi. Skrini haikujali, fremu ikaendelea na safari yake. Mzunguko wa pili, fremu ilipofika Hapana, taa iliwaka tena, mara mbili. Fremu ikapita. Ikamaliza, ikarudi kwenye Ndiyo, ikatulia. Kifua cha baba kilianza kupanda na kushuka haraka. Akakohoa kile kikohozi chake kisicho na nguvu, mwili ukakakamaa kuanzia begani hadi vidoleni, na taa ikawaka ikabaki inawaka.

"Ndiyo," mashine ilisema.

"Umeona?" mama alifurahi. "Kalala vizuri."

 Waya alisogea kitandani, akaubandua utepe, na mahali pake akaweka kidole chake mwenyewe chini ya kidole gumba cha baba yake.

"Baba, umelala vizuri?"

Hakukuwa na mtetemo. Kidole kilitulia kama kipande cha mti. Fremu ikatembea, na ilipofika Hapana kidole kiligusa kidole chake mara mbili, kwa wepesi, kikaacha.

Mguso huo aliujua. Akiwa darasa la nne aliwahi kupandishwa kwenye kibanda cha kreni, juu ya ghala, na baba yake akamwekea mkono kwenye kishikio. "Usishikilie," alimwambia. "Gusa, acha. Gusa, acha. Ukishikilia, mzigo unabembea, na ukishabembea haukutambui wewe ni nani." Hivyo ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Hata kengele ya mlango wa nyumbani aliigusa mara mbili tu, na wakajua ni yeye.

Na Waya, mwanawe, alikuwa ameutia mguso huo kwenye kichujio na kuutupa.

"Kaka, njoo nje kidogo."

Kwenye korido walisimama kando ya toroli la sahani chafu. Waya alieleza kwa mpangilio, kama anavyomweleza meneja wa kiwanda hitilafu: miguso ya kweli ni mifupi, kichujio kinaitupa, kikohozi ni kirefu, kichujio kinakipitisha, fremu isipoguswa inasubiri kwenye Ndiyo. Kwa hiyo kila akijitahidi kusema kitu kingine na kushindwa, anachoka, anakohoa, na anaambiwa amekubali.

"Sasa unataka kusema nini?" kaka yake aliuliza.

"Kwamba Jumanne hatujui alisema nini."

"Alisema ndiyo. Nilikuwepo. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Ulisikia kikohozi, kaka."

Mwalimu aliuangalia mlango wa wodi, kisha akashusha sauti. "Waya. Hebu tufanye hukukiona hicho kisanduku. Kingekuwa chini ya kitanda kama siku zote, kesho angepelekwa, na keshokutwa angekuwa hai. Kuna ubaya gani?"

"Angekuwa hai na hatujamuuliza."

"Wewe unataka afe?"

"Nimepima mlango wa sebule yangu," Waya alisema. "Kitanda kinapita, na nafasi inabaki. Usiniulize tena swali hilo."

 Mfanya usafi alipita na dekio lake, akawaambia wainue miguu, wakainua.

"Mama tusimwambie," mwalimu alisema mwishowe.

"Mama atamuona akisema."

Waya alirudi ndani, akaurudisha utepe mahali pake, akafungua kompyuta yake mapajani na kushusha kichujio hadi chini kabisa kilipoweza kwenda. Kazi hiyo haikuchukua muda. Alimwambia mama kwamba kulikuwa na kosa kwenye mashine, kosa lake yeye, na kwamba sasa baba ataweza kusema bila kukohoa.

"Kosa la tangu lini?"

"Mwezi mmoja, mama."

 Fremu ilianza kutembea. Hakuna aliyekuwa ameuliza chochote. Ilipofika mraba wa tatu taa iliwaka, na papo hapo sauti ikasema:

"Geuza."

Walisimama wakatazamana. "Geuza," mashine ilisema tena mzunguko uliofuata. Kaka mtu alitia mikono chini ya mabega, Waya akashika nyonga, mama akavuta shuka. Walipomlaza ubavu, waliona kidonda chini ya mgongo, kwenye mfupa. Kingo zake zilikuwa nyeusi na katikati palikuwa pabichi. Wauguzi walikuwa wakimuuliza kila zamu kama anataka kugeuzwa, na kila zamu alikuwa akitamkiwa neno jingine, au kimya.

Mama aliketi. "Na mimi nilikuwa namwambia anadeka," alisema. "Nilipoona anakunja uso. Nikamwambia, mzee, unadeka."

Muuguzi aliitwa, akakisafisha kidonda. Ilichukua muda mrefu, na muda huo wote skrini ilisema Maumivu kila fremu ilipofika hapo.

Daktari alikuja baada ya chakula cha mchana, mwanamke mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni. Alimsikiliza Waya hadi mwisho, akaangalia kisanduku, akaangalia skrini.

"Nitajuaje kwamba sasa ni yeye?"

"Muulize mambo ambayo majibu yake yanajulikana. Na mimi nitahamisha miraba, Hapana iwe ya kwanza, ili fremu ikisubiri isimsukume kwenye Ndiyo."

Waya alipohamisha, daktari alivuta kiti. "Shikamoo, mzee. Ulikuwa mwalimu?"

"Hapana."

"Dereva wa kreni?"

"Ndiyo."

"Huyu kijana wako aliwahi kuanguka mtihani?" aliuliza, akimwonyesha mwalimu.

"Ndiyo," mashine ilisema, upesi kuliko mara zote, na mama akacheka, kisha akaziba mdomo kwa mtandio.

"Mara moja tu," mwalimu alisema. "Na ilikuwa hesabu."

Daktari hakucheka. Aliweka mkono juu ya shuka. "Mzee, nakuuliza tena jambo la Jumanne. Unataka tukutoboe koo, tukuunganishe na mashine ya kupumulia?"

Fremu ilikuwa imetulia kwenye Hapana. Taa haikuwaka. Fremu ikaanza safari, ikapita miraba yote, ikarudi. Ilipofika Hapana, taa iliwaka mara mbili.

"Hapana. Hapana."

"Hamisha miraba," daktari alimwambia Waya. Waya alihamisha, vidole vyake vilikosea mara moja, akarekebisha. Hapana sasa ilikuwa mraba wa tano. Daktari aliuliza kwa maneno mengine: je, tukuache bila mashine, tukupe dawa tu za kukupunguzia shida ya pumzi?

"Ndiyo."

Mwalimu alisogea mbele. "Baba. Unajua bila mashine utakufa?"

"Ndiyo."

"Hivi karibuni, baba. Si mwakani. Unajua?"

"Ndiyo."

Mwalimu aligeuka akatoka nje, na mlango wa wodi ukapigapiga nyuma yake. Daktari alichukua faili na kuandika. Kitanda cha upasuaji cha Ijumaa asubuhi alipewa mgonjwa mwingine.

Siku zilizofuata mama hakuondoka. Walimgeuza kila alipoomba, na aliomba mara nyingi. Ijumaa jioni mwalimu alirudi, akakaa upande wa pili wa kitanda, akaanza kumsomea baba yake gazeti la michezo, akimuuliza baada ya kila habari kama refa alionea. Kila mara refa alionea. Jumamosi kidole kilianza kuchelewa. Waya alipunguza mwendo wa fremu, akapunguza tena. Kichujio hakukigusa. Alikaa na kompyuta mapajani, macho kwenye taa, na hakuongeza kifaa kingine kwa sababu hapakuwa na kiungo kingine cha kukifunga.

Jumapili asubuhi, kabla chai haijapita wodini, taa iliwaka mara mbili. Fremu ilikuwa kwenye mraba wa mwisho.

"Ita. Ita," mashine ilisema.

"Nipo," mama alijibu.