Penalti ya Kabeza

Pu. Kimya. Pu. Kimya kidogo, halafu pu tena.

Mlio ulitoka ndani ya uzio. Sisi tulikuwa nje, tumepangwa mbele ya geti lililofungwa, na kila ulipogonga, bati la geti lilitetemeka na mama Nyiramana akashtuka.

"Ni nini hicho?"

"Watoto wanacheza, mama mkubwa," nilimjibu. "Hawajui leo ni siku gani."

Kumbe asiyejua nilikuwa mimi.

Ilikuwa siku ya gusaba, yaani siku ambayo ukoo wa kijana huenda kwa ukoo wa binti kumwomba. Tulikuwa tumetoka Kimisagara na magari yaliyofungwa riboni hadi Kabeza, upande wa pili wa Kigali, kumwombea Sangwa binti wa Mzee Karangwa aitwaye Ariane. Sangwa ni mwana wa Nyiramana, na Nyiramana ni dada mkubwa wa mama yangu, kwa hiyo Sangwa ni kaka yangu. Tumelala kitanda kimoja na kugombea shuka moja. Ni mshambuliaji wa timu ya taifa. Alianza kufunga magoli kwenye vumbi la bondeni kwetu, akayafunga Lubumbashi, akayafunga Tunis, na sasa anayafunga Sweden, katika mji ambao theluji hufika magotini na mashabiki huimba jina lake wakilitamka vibaya. Siku hiyo alivaa umwitero, ile shuka nyeupe ifungwayo begani, akashika fimbo, na alikuwa akitokwa jasho kuliko nilivyowahi kumwona uwanjani.

Msemaji wetu nilikuwa mimi, Ndihokubwayo, fundi wa kuchomelea. Wajomba walitaka mzee mwenye mvi. Sangwa akawaambia, "Ndiho au hakuna mtu." Mashairi sikufundishwa na yeyote. Niliyajifunza nikitengeneza madirisha, nikipima mizani kwa nyundo, na niseme bila kuona haya: Kigali hii sijamwona wa rika langu anayenifikia.

Tulikubaliana kusemezana kwa Kiswahili. Wazazi wetu walikulia Buyenzi, Bujumbura. Wazazi wao walikulia Ngara, Tanzania. Na kila upande uliamini Kiswahili chake ndicho chenyewe.

Asiyewahi kwenda gusaba ajue hivi: ukoo wa binti hukataa. Ni mchezo. Ng'ombe wameshakubaliwa zamani, vyakula viko jikoni, lakini utaambiwa umekosea nyumba, utaambiwa binti kasafiri, nawe utajibu, watu watacheka, mpaka binti aitwe na maziwa yanywewe. Ndivyo nilivyojua mimi.

Mlio ukakoma. Geti likafunguliwa. Tuliketi chini ya turubai, wao wakiwa wametuelekea, na katikati yetu uwanja mdogo wa nyasi uliokwenda hadi mlango wa nyumba. Mlangoni palikuwa na pazia la njano, na nyuma ya pazia, tulijua, alikuwa Ariane.

Msemaji wao, Mzee Gakwaya, kaka yake Karangwa, alitutazama juu ya miwani kama afisa wa uhamiaji.

"Karibuni, ingawa mmepotea. Uwanja wa ndege uko pale mbele."

"Hatujapotea, mzee. Tumeshatua."

Upande wetu ulipiga makofi.

"Mmemfuata nani?"

"Ariane."

"Ariane yupi? Tunao watatu. Mmoja yuko chekechea. Wa pili ni huyu shangazi yetu, kazika waume wawili, anatafuta wa tatu mwenye mapafu imara."

Shangazi mwenyewe, amekaa safu ya mbele na meno yasiyozidi manne, aliinua mkono. Turubai zima likavunjika mbavu.

"Sisi tunamtaka wa tatu," nilisema. "Lakini shangazi asikate tamaa. Timu ina kipa bado hajaoa."

"Haya! Huyo wenu ana sifa gani?"

Hapo ndipo nilipokuwa napangoja. Nilisimama, nikarusha umwitero wangu begani, nikakohoa.

"Huyu ni nyigu wa mbele, auma bila kelele,
Mabeki humpa njia, makipa humlilia;
Lubumbashi walimwona, nyavu zao wakashona,
Mpira ukimjia, kamwe hataukimbia!"

Vigelegele. Hata upande wao walipiga makofi, hata Gakwaya alitikisa kichwa kwa raha. Niliketi nikiwa nimevimba kama andazi. Sangwa peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Kisha Mzee Karangwa akasimama.

Baba wa binti hasemi siku hiyo. Ana msemaji. Gakwaya mwenyewe aligeuka akamtazama mdogo wake kwa mshangao.

"Kijana," Karangwa aliniambia, "shairi lako ni zuri. Huo mstari wa mwisho, nani alikutuma useme?"

Nilidhani bado ni mchezo. "Nimetumwa na macho yangu, mzee."

"Basi macho yako yalikuwa wapi?" Hakupandisha sauti. "Mimi nilikuwa uwanja wa Amahoro siku ile Sangwa alipokosa penalti ya kutupeleka mbele. Mpira ulipita juu ya mtambaa wa panya, nikarudi nyumbani kwa miguu. Sikumlaumu. Kukosa ni kukosa."

Nchi nzima inaikumbuka ile penalti. Kuna watu Remera, jirani na uwanja huo, wanaodai mpira ule bado haujashuka.

"Lakini tangu siku ile," aliendelea, "kila penalti ikitokea, anauokota mpira, anaufuta kwa jezi yake, anampa mwingine. Mwaka jana alimpa Mutsinzi. Mutsinzi ndiyo kwanza ameitwa timu ya taifa! Akakosa, na mji mzima ukamtukana yeye, akatoka uwanjani analia. Sangwa alimkumbatia. Vizuri. Lakini mzigo ulikuwa wa nani?"

Damu ikanipanda, nikasimama tena.

"Mzee, hata wewe ungekosa!"

"Ningekosa," alisema. "Halafu ningeomba mwingine."

Nilirusha tena umwitero begani, nikakohoa, lakini mzee hakunisubiri.

"Ng'ombe nimewaona, wazuri," Karangwa alisema. "Sina neno na ng'ombe. Nataka kujua kitu kimoja. Nikimpa binti yangu mtu huyu, akaenda naye kwenye hiyo theluji yao, siku nyumba ikipata mzigo, mzigo huo atampa nani?"

Nikaelewa kwamba hapakuwa na mchezo tena. Tungeweza kurudi Kimisagara na riboni zetu.

"Kaka yangu," nilianza, "ni mtu ambaye..."

"Kaa chini, Ndiho," Sangwa alisema taratibu. Nikakaa.

"Christella!" Karangwa aliita.

Kutoka nyuma ya nyumba alitokea mdogo wake Ariane. Alivaa mushanana ya bluu, lile vazi refu la sherehe, kama wasichana wengine wote, lakini alikuwa ameikunja hadi magotini na kuifunga kwa mkanda. Miguuni soksi ndefu, mikononi glavu, na kwapani mpira wenye alama za chokaa ya ukuta. Christella ni kipa wa timu ya wanawake. Ule mlio wa asubuhi haukuwa wa watoto.

Alisimama kati ya nguzo mbili za turubai, mbele kabisa ya pazia la njano, akambwagia Sangwa mpira.

"Shemeji," alisema, "bado sijakuita shemeji. Na dada yangu akienda, chumba kinabaki na mimi peke yangu. Kwa hiyo usitegemee huruma."

"Yewe!" shangazi alipiga kelele. "Mkamate huyo, abaki kwangu!"

Watu wakacheka, lakini kwa woga.

Sangwa aliuokota mpira. Akaufuta kwa ncha ya umwitero, polepole, pande zote. Kisha akageuka na kuninyooshea mimi.

Sidhani hata alijua anachofanya. Mikono ilikuwa imezoea. Lakini turubai zima liliona, na kicheko kikafa katikati.

Sasa nisikilizeni. Mimi nina mguu wa kushoto. Kimisagara wananijua. Na sijawahi katika maisha yangu kukataa watu wanitazame. Mikono yangu ilikuwa tayari imeinuka, na kichwani nilikwishaliona goli na shairi lake. Kisha nikayaona macho ya Nyiramana. Hakuwa akimtazama mwanawe. Alikuwa akiitazama mikono yangu.

Nikaipeleka nyuma ya mgongo.

"Sipokei," nilisema. "Huo ni wako, sha."

Alisimama hapo na mpira wake. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshikwa shati gizani na ndugu yake. Akavua viatu. Akaniwekea fimbo mikononi. Akauweka mpira kwenye nyasi kwa miguu mitupu, kama zamani bondeni, akarudi nyuma, akaja.

Christella aliruka kushoto akautoa.

Upande wao uliinuka kama uwanja mzima. Gakwaya alitupa miwani. Nyiramana alifunika uso kwa kitenge. "Nimeshasema!" Christella alipiga kelele, glavu juu. "Nimeshasema mimi!"

Na Sangwa? Mpira ulikuwa umebingirika hadi chini ya viti vya wageni. Hakumtuma mtu. Alipiga magoti mwenyewe na umwitero wake mweupe, akaingia kati ya miguu ya wazee akiomba radhi, akatoka nao, magoti yakiwa ya kijani.

"Nyingine," alisema.

"Nani kakuambia kuna nyingine?" Karangwa aliuliza.

"Hakuna aliyeniambia, baba. Naomba. Si ndicho kilichotuleta leo?"

Nadhani hapo nilimwona Karangwa akiuma mdomo wa chini, lakini alisema tu, "Piga."

Ya pili iligonga nguzo, turubai likatikisika, na kreti nzima ya Fanta ikaangukia shamba la maua. Upande wetu tukaanza kuimba. Upande wao wakajibu. Wapishi walitoka jikoni na miko yao. Majirani walipanda juu ya uzio.

"Umechoka, mzee wa theluji?" Christella alimwita, anahema.

"Ndiyo kwanza napasha misuli, kipa."

"Njoo basi!"

Ya tatu aliipiga chini, kulia, kwa nguvu zake zote. Christella aliifikia kwa ncha za vidole, na vidole havikutosha. Mpira ulilibeba pazia la njano ukaingia nalo ndani ya nyumba, na ndani kukasikika mlio wa sinia na ukelele wa mwanamke.

Sijui tulipiga kelele namna gani. Najua ndege ilipita juu yetu ikitua na hakuna aliyeisikia.

Halafu, kabla hajaitwa na yeyote, kinyume cha kila desturi, Ariane akatokea mlangoni. Taji la shanga lilikuwa limeinama upande mmoja. Mpira alikuwa nao kiunoni.

"Nani kanimwagia chai yangu?" aliuliza.

"Mimi," Sangwa alijibu.

"Sikumwachia!" Christella alikuwa anawaambia watu wote, mmoja mmoja. "Mmeona? Sikumwachia hata kidogo!" Kisha akavua glavu, akamgeukia Sangwa, akasema kwa kununa, "Shemeji."

Mzee Karangwa alivuka nyasi. Aliuchukua mpira kutoka kwa binti yake, akauzungusha, akauangalia kama mtu anayechagua tikiti maji. Uso wake ulikuwa bado mgumu, lakini machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Mleteeni maziwa," aliwaambia wapishi. "Lakini asinywe kwanza. Jumanne tunacheza Amahoro. Nitakuwa pale pale nilipokaa siku ile." Akampa Sangwa mpira. "Niambie hapa, mbele ya hawa wote."

Sangwa hakuufuta. Aliukumbatia kifuani, na chokaa ikachafua kilichokuwa kimebaki cheupe. Akamtazama Karangwa, kisha Ariane, na akasema kwa sauti iliyowafikia hadi waliopanda uzio:

"Baba, Jumanne ikitokea penalti, nitaipiga mimi. Na nikikosa, nitaufuata mpira mwenyewe nyuma ya goli, nitarudi nao, na inayofuata nitaiomba mimi."