Kula na Kura

Ubao ulikuwa mmoja tu, na hapo ndipo penye shida. Ni mlango wa kabati la marehemu mke wangu, mvule mtupu, wa zamani, kabla wakubwa hawajaruhusu hizi mbao za unga na gundi. Binti yetu Gaju anafungua duka la ushonaji kesho, hapa Nyamirambo, Kigali, na alitaka mlango huo uwe kibao cha dukani, uchongwe KWA MAMA GAJU. Ukiharibika, hakuna mwingine. Marehemu hakuacha makabati mawili.

Mashine ya kuchonga ni ya mumewe, Benon, aliyekulia Uganda. Ameiunda mwenyewe sebuleni, mahali ambapo wenye akili huweka kochi. Kompyuta inatoa amri, mota inazungusha kisu, kisu kinachonga. Lakini kwenye mbao za kujaribia kilikuwa kinaunguza.

"Ni umeme huo," nikasema. "Wakubwa wanatuletea mwingi siku ambayo hatujauomba."

"Si umeme, databukwe." Hivyo ndivyo anavyoniita, yaani baba mkwe. "Kompyuta inaagiza mizunguko elfu kumi kwa dakika, mota inazunguka elfu kumi na nne. Inadanganya."

"Basi igombee cheo."

Dawa yake ilikuwa makro. Makro ni maagizo unayoyaandika mara moja na kuyapa jina. Siku nyingine unaita jina tu, mashine inafanya yote. Benon aliandika makro ya kupima. Mota inapanda kasi ngazi kwa ngazi, na kila ngazi inasubiri. Yeye anaielekezea kipimo cha mwanga, anasoma kasi ya kweli, mimi naiandika kwenye kompyuta. Mwishowe mashine inajua uongo wake na kujirekebisha.

Kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la tatu, na aliyeikatisha anajijua, aliniwekea vitufe viwili vya majina mafupi. KULA, kisu kishuke kianze kula mbao. KURA, kisu kiinuke.

"Kura ya nini?"

"Ni Kinyarwanda, databukwe. Kura, ondoa."

"Kwa Kiswahili ni ile ya kuchagulia wakubwa. Nimepiga nyingi, sijaona kitu kimeinuka."

Akacheka, asibadilishe. Naye anajua kwamba hapa Kigali r na l ni wake wenza waliovaa kitenge kimoja. Ukiita mmoja, wanaitika wote.

Ubao wa marehemu ulikuwa umeshabanwa chini ya kisu, maana kuunyoosha tu kulitumalizia asubuhi. Tukafika ngazi ya mwisho. Mota ikalia kama mbuzi aliyeijua Idi. Benon akasoma kipimo: elfu ishirini na nne. Nikaandika.

"Imetosha, databukwe," akapaza sauti juu ya kelele. "Kura."

Nikasikia kula. Nikabonyeza kula.

Kisu kikazama kwenye mvule kwa kasi yote ile. Benon akaruka nyuma kama aliyekanyaga siafu.

"Nimesema kura."

"Si ndiyo inakula."

"Si kula. Kura."

"Mbona unarudia neno lilelile?"

Akaniacha, akapiga kitufe chekundu cha kuzimia mashine. Moshi ulipotawanyika tukaiona K, imetoka nzima, nyeusi kama tako la sufuria.

Nikakaa chini. Nikasema waliotunga herufi wangewauliza kwanza watu wa Kigali. Benon alikuwa anafuta masizi kwa kidole na macho yamemjaa maji. Nikasema moyoni ni moshi, kwake na kwangu.

Gaju akaingia, utepe wa kupimia shingoni. Akainama juu ya mlango wa mama yake.

"Mmeunguza."

"Mumeo," nikasema.

"Databukwe," akasema Benon.

Gaju akanusa. Akanusa tena. "Maharagwe ya Mama."

Hilo hakuna wa kulipinga. Marehemu aliunguza maharagwe miaka yote ya ndoa yetu, na ukimuuliza, analaumu mkaa.

"Tena inasomeka," Gaju akasema. "Ingetoka safi ingefanana na mbao, nani angeiona toka barabarani? Fanyeni zote hivi."

"Tumehangaika kupima ili isiunguze," Benon akasema.

"Basi sasa mnajua inaunguzia kwenye ngapi."

Benon akaangalia kompyuta. Ilikuwapo, elfu ishirini na nne, nimeiandika kwa mkono wangu. Akaifuta KURA, akaweka ONDOA, akakipeleka kisu kwenye W.

"Haya, databukwe."

Nikabonyeza. Nyumba ikajaa marehemu. Madirisha tukayaacha yamefungwa.

Tulikuwa tunakaribia mwisho wakati Kamanzi, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, aliposimama mlangoni na kitambaa puani, akiuliza nani anaunguza chakula. Mtu huyo siku zote nina maneno yake tayari; leo nikayaacha. Nikamsogezea kigoda, nikamwambia asubiri kidogo, imebaki U.