Breki ya Bwana Harusi

Radisa aliiogopa bunduki kuliko alivyoiogopa ndoa. Na kijijini kwao Serbia, bwana harusi hapewi mke mpaka atungue tufaha kwa risasi nyumbani kwa wakwe. Budimir, babake bibi harusi, alikuwa amelitundika lake kwenye mti mrefu kuliko yote uani, juu kabisa, huko ambako hata kunguru angefikiria mara mbili. Lisipoanguka, Vidosava habanduki ndani.

Bunduki yenyewe, ya marehemu babu yake, ilikuwa na teke la punda. Mara ya mwisho ilimpasua nyusi, na tangu hapo Radisa hafyatui bila kufumba macho kwanza. Basi asubuhi ya harusi akaifunga breki mdomoni mwa mtutu: bomba fupi la chuma lenye matundu ubavuni, nguvu ya baruti itokee pembeni, bega lipumue.

"Umeijaribu lakini?" aliuliza Ljubisav, msimamizi wake, chupa ya rakija, ile pombe kali ya matunda, mkononi.

"Aa, breki ni breki, ndugu yangu."

Jamani! Risasi ya kwanza ilitoka, bega halikusikia hata kofi. Lakini ule upepo wa baruti ulitokea pembeni, na pembeni ndiko mila ilikowapanga watu. Kofia ya Ljubisav ilivuka ua. Wapiga tarumbeta waliziba masikio. Nywele za mama mkwe, zilizotengenezwa tangu alfajiri, zote zililala upande mmoja. Tufaha halikutikisika.

"Na macho nilifumbua!" Radisa alilalamika.

"Umeutwisha mtutu chuma, risasi haiendi tena pale ilipozoea!" Ljubisav alipiga kelele, maana hakujisikia mwenyewe. "Lenga kulia!"

Wageni sabini wakajipanga nyuma ya Radisa mstari mmoja, kama wanaongojea mkate, padri katikati. Risasi ya pili ilipita kando ya tufaha, na upepo wake ukavunja dirisha la bibi harusi. Vidosava akachungulia, shela limejaa vumbi la chokaa.

"We Radisa! Umekuja kunioa au kumbomolea baba nyumba?"

"Naogopa teke, Vida!"

Alisema mbele ya wote, na aibu ilimchoma mpaka kwenye visigino. Vidosava akashuka ngazi, akaifungua breki ingali moto kwa pindo la shela, akaegemeza bega lake nyuma ya bega la Radisa.

"Haya, piga."

Bunduki iliwabwaga wote wawili matopeni. Tufaha liko palepale.

"Rudi ndani!" Budimir alifoka. "Halijaanguka!"

"Nimeshatoka, baba," alisema Vidosava, akapanda gari la harusi. Radisa na wageni wakamfuata, bunduki ikabaki matopeni. Njaa nayo ina mila zake.

Kanisani walimngoja Budimir robo saa nzima. Asionekane. Kutoka kijijini ilisikika risasi, kisha nyingine, kisha nyingine. Maharusi wakarudi kumtafuta. Walimkuta peke yake chini ya mti, bega limevimba, maganda ya risasi yamemjaa miguuni.

"Baba, twende. Wanakungoja," alisema Vidosava.

"Nililitundika juu mno," alisema Budimir, hamtazami. "Nilidhani utakaa nami hata wiki moja zaidi."

Radisa, aliyelijua vizuri teke lile, akampokea bunduki, akamshika mkono wa upande usiouma.